Zana za tarakilishi ziteuliwe kama vitabu vya fasihi

Kila inapotangazwa orodha mpya ya vitabu teule vya fasihi, walimu na wazazi humu nchini huingia katika mjadala mkali. Huuliza ni nani aliyeviteua, kwa misingi gani, vitadumu kwa miaka mingapi na vitamgharimu mzazi pesa ngapi. Hakuna mwalimu awezaye kuingia darasani akawaambia wanafunzi wake: "Kila mmoja wenu na anunue riwaya yoyote atakayoikuta dukani, kisha tukutane hapa Jumatatu tuichambue." Mwalimu kama huyo angeitwa na mwalimu mkuu kabla ya kengele ya mapumziko.

Hata hivyo, hivyo ndivyo tunavyofanya katika somo la tarakilishi. Tunawaagiza wanafunzi wasakinishe lugha ya kuandikia programu pamoja na zana zake, wala hatusemi ni toleo lipi. Mmoja huchukua lile lililo mbele kabisa kwenye mtandao. Wa pili huchukua lililo kwenye flashi ya kaka yake. Wa tatu huliacha lile lililokuwamo tangu mashine ilipoletwa shuleni. Kisha sote hushangaa kwa nini zoezi moja lina majibu matatu.

Nimeamua kulizungumzia jambo hili leo kwa sababu halihusu tena mafundi wachache wa mjini. Elimu ya umilisi, iliyoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, huuhesabu ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Mwaka 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na za upili. Maadamu tumeamua kama taifa kwamba mtoto wa Turkana na wa Lamu ajifunze kuandika programu, sharti tuamue pia ataziandika kwa zana zipi. Kufundisha kuandika programu bila kufundisha kuchagua toleo ni sawa na kumfundisha mtu useremala bila kumwonyesha namna ya kuutambua mbao uliooza.

Labda nieleze kwanza kwa faida ya msomaji asiye wa taaluma hii. Siku hizi ni nadra mtu kuandika programu yote kwa mkono wake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anayejenga nyumba hafinyangi kila tofali wala hafui kila msumari; hununua. Vivyo hivyo, mwandishi wa programu huchukua sehemu zilizokwisha kuandikwa na wengine, kama vile sehemu ya kuchora grafu, ya kusoma tarehe au ya kubana faili ili zichukue nafasi ndogo, akaziunganisha na kazi yake. Sehemu hizo hufungwa kama mzigo mmoja unaoitwa kifurushi. Vifurushi hivi visichanganywe na vile vya data tunavyonunua kwenye simu, ambavyo vijana huviita bando. Kila kifurushi huweza kutegemea vingine, na hivyo vingine navyo vikawa na vyake, hivi kwamba mwanafunzi aombaye kimoja aghalabu huletewa makumi.

Kila kifurushi kina nambari ya toleo, kama kitabu kilivyo na toleo la kwanza, la pili na la tatu. Nambari ya kawaida ina sehemu tatu zilizotenganishwa kwa nukta, mathalan 2.17.1. Kwa mujibu wa kanuni inayofuatwa na wengi, sehemu ya mwisho ikipanda, kuna kosa lililorekebishwa. Ya katikati ikipanda, kuna jambo jipya lililoongezwa bila kuvunja yaliyokuwapo. Ya kwanza ikipanda, basi mtu ajihadhari, kwa kuwa kilichofanya kazi jana huenda kisifanye kazi leo.

Mwalimu wa hisabati atakwazika hapa, nami simlaumu. Katika hisabati, 3.9 ni kubwa kuliko 3.10. Katika matoleo ya programu ni kinyume chake. Nukta hapa haina udesimali wowote, inatenganisha tu. Toleo la 3.10 husomwa "tatu, kumi", nalo huja baada ya lile la "tatu, tisa". Hata mashine zenyewe hukanganyika. Zipo zana za kuendeshea kazi za waandishi wa programu ambazo, ukiziandikia 3.10 bila alama za kunukuu, huisoma kama desimali, zikaifuta sifuri ya mwisho na kwenda kulitafuta toleo la 3.1. Ikiwa mashine yaweza kupotea hivyo, mwanafunzi wa shule ya upili je?

Isitoshe, kanuni hiyo ya sehemu tatu ni ahadi tu ya mwandishi, nayo ahadi huweza kuvunjwa. Lugha ya Python, inayopendwa sana shuleni, haifuati kanuni hiyo kikamilifu. Toleo lake la 3.12, lililotolewa Oktoba 2023, liliondoa sehemu iitwayo distutils, ambayo vifurushi vingi vya zamani viliitegemea wakati wa kusakinishwa. Nambari ya kwanza haikubadilika. Ilipanda ya katikati pekee. Hata hivyo, waliokuwa na vifurushi hivyo vya zamani walikwama.

Yawezekana msomaji anajiuliza: haya yote yana madhara gani kwa mtoto anayejifunza? Nitamjibu kwa mfano mmoja mwepesi. Mwalimu anataka wastani wa mwanafunzi aliyepata jumla ya alama 137 katika masomo 2. Akiandika 137/2 katika Python ya 2, tarakilishi itamjibu 68. Akiandika maneno yayo hayo katika Python ya 3, itamjibu 68.5. Hakuna onyo litakalotolewa, wala mashine haitagoma. Nusu alama itakuwa imepotea kimyakimya, na pengine pamoja nayo nafasi ya mtoto huyo darasani. Kosa lipigalo kelele hurekebishwa mapema; la kuogopwa ni lile linalokaa kimya.

Nikiyasikiliza mazungumzo ya walimu na wanafunzi kuhusu uchaguzi wa matoleo, naona watu wamegawanyika katika kambi tatu. Kila kambi ina hoja yake, na kila moja imewahi kuadhibiwa vikali na historia ya miaka ya karibuni.

Kambi ya kwanza ni ya wapenda vipya. Hawa husema kwamba lililo jipya zaidi ndilo bora zaidi, na anayekaa na la jana amepitwa na wakati. Ningependa wayakumbuke yaliyotokea mwaka 2024. Kuna kifurushi kiitwacho xz, kinachotumika kubana faili, ambacho kimo katika mashine nyingi mno zinazoendeshwa kwa mfumo wa Linux ulimwenguni. Kilikuwa kikitunzwa na mtu mmoja aliyejitolea. Kwa muda wa miaka miwili hivi, mtu aliyejiita Jia Tan alijitokeza kumsaidia, akafanya kazi kwa bidii, akaaminiwa, hatimaye akapewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Katika Februari na Machi mwaka huo yalitolewa matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na ndani yake ulikuwa umefichwa mlango wa siri ambao ungemwezesha mwenye ufunguo kuingia katika mashine za watu wengine bila hodi.

Hila hiyo iligunduliwa na mhandisi mmoja, Andres Freund, kwa sababu aliona kwamba kuingia katika mashine yake kwa njia ya mtandao kulichukua takribani nusu sekunde zaidi ya ilivyokuwa kawaida. Alichunguza sababu, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Sasa, ni akina nani waliokuwa hatarini? Ni wale waliokimbilia matoleo mapya mno ya mifumo yao. Waliokuwa na matoleo tulivu, yaliyokwisha kujaribiwa kwa muda, kama vile Debian tulivu, walisalimika, kwa kuwa hayo yalikuwa bado na xz ya zamani. Mgeni aliyefika jana usiku hakabidhiwi funguo za ghala asubuhi.

Wala tukio hilo halikuwa la mwisho. Mnamo Septemba 2025, wadukuzi walimhadaa mtunzaji mmoja wa vifurushi vya lugha ya JavaScript kwa barua pepe ya uongo, wakatoa matoleo yenye sumu ya vifurushi mashuhuri kama chalk na debug, vinavyopakuliwa kwa wingi mno kila wiki. Matoleo hayo yaliondolewa baada ya saa chache. Waliodhurika walikuwa ni wale tu waliopakua katika saa hizo. Aliyengoja siku mbili hakupatwa na lolote.

Kambi ya pili ni ya wahafidhina. Kauli yao ni moja: kinachofanya kazi kisiguswe. Hawa nao, baada ya kusikia kisa cha xz, watanipigia makofi. Naomba wasubiri kidogo.

Mwezi Machi mwaka 2017 ilitangazwa dosari kubwa katika kifurushi kiitwacho Apache Struts, na siku hiyohiyo dawa yake, yaani toleo lililorekebishwa, ikatolewa bure. Kampuni ya Equifax ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuhifadhi rekodi za mikopo ya wananchi, haikuitumia dawa hiyo katika mfumo wake mmoja. Kuanzia Mei wezi waliingia kupitia tundu hilo, na kufikia wakati walipogunduliwa walikuwa wamechukua habari za siri za watu wapatao milioni 147. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilikubali kulipa fidia na faini zinazoweza kufikia dola milioni 700. Toleo la zamani lilikuwa bado likifanya kazi vizuri kabisa. Lilikuwa likiwafanyia kazi wezi pia.

Wahafidhina wetu wa hapa nyumbani ni wale ambao bado wanafundisha Python ya 2 kwa sababu maandalizi yao ya somo yaliandikwa kwa hiyo. Lugha hiyo ilikoma kutunzwa tarehe 1 Januari 2020. Yeyote atakayegundua tundu ndani yake leo hataletewa kiraka na waundaji wake. Mwanafunzi anayefundishwa kwayo anafundishwa tahajia iliyokwisha kufutwa, kisha anapelekwa kwenye mtihani wa maisha unaotumia tahajia mpya.

Kambi ya tatu ndiyo kubwa zaidi, na wengi waliomo hawajui kwamba wamo. Hii ni kambi ya wasiochagua. Huandika jina la kifurushi bila nambari, au huandika nambari yenye alama inayomaanisha "hili au lolote jipya linalolifuata", wakaiachia mashine iamue. Leo mashine itawaletea toleo moja. Mwezi ujao, kwa agizo lilelile, itawaletea jingine. Mradi wa mwanafunzi uliofanya kazi nyumbani wakati wa likizo hukataa kufanya kazi shuleni, na mwalimu humshuku mtoto kwamba amenakili kazi ya mtu.

Kambi hii nayo imeonja shubiri. Tarehe 22 Machi 2016, mwandishi mmoja wa programu, baada ya kuzozana juu ya umiliki wa jina la kifurushi, aliondoa vifurushi vyake vyote zaidi ya 250 kutoka hazina kuu ya JavaScript. Kimojawapo, kilichoitwa left-pad, kilikuwa na mistari 11 pekee, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno. Kwa saa kadhaa, kazi za waandishi wa programu katika pembe nyingi za dunia zilisimama, kwa kuwa vifurushi vyao vilitegemea vingine vilivyokitegemea hicho. Wengi wao hawakuwa wamewahi hata kulisikia jina lake. Na mnamo Januari 2022, mtunzaji wa vifurushi vya colors na faker aliviharibu kwa makusudi akiwa amechoka kufanya kazi bila malipo. Walioandika "lolote jipya" waliletewa uharibifu huo bila kuuomba. Walioandika nambari kamili waliendelea na shughuli zao.

Basi, ikiwa jipya laweza kuwa na sumu, la zamani laweza kuwa na tundu, na kutochagua ni kujitia mikononi mwa usiyemjua, mtu afanye nini? Jawabu langu ni kwamba tuache kuuliza kama toleo ni jipya au la zamani. Tuulize maswali mengine: je, bado linatunzwa, na litatunzwa hadi lini? Je, limekaa uwanjani kwa muda wa kutosha likajaribiwa na watu wengi? Je, darasa zima linalo hilo hilo? Na je, limeandikwa mahali?

Swali la kwanza lina majibu yaliyochapishwa na waundaji wenyewe. Python hutoa toleo jipya kila Oktoba, na kila moja hutunzwa kwa takribani miaka 5. Mfumo wa Ubuntu hutoa kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, toleo la muda mrefu linalotunzwa kwa miaka 5. Nambari yake ni mwaka na mwezi, hivi kwamba 24.04 ni la Aprili 2024. Mwalimu anayejua tarehe hizo anaweza kupanga kama anavyopanga muhula. Akichukua Python iliyotoka mwaka mmoja uliopita, atakuwa ameepuka makosa ya siku za mwanzo, vifurushi vingi vitakuwa vimekwisha kulizoea toleo hilo, na bado litakuwa na miaka kama minne ya kutunzwa. Hiyo inatosha safari nzima ya mwanafunzi mmoja katika shule ya upili.

Kuhusu darasa zima kuwa na toleo moja, nimeona kwa macho yangu, katika shule moja ambayo sitaitaja, chumba cha tarakilishi kilichokuwa na mashine kumi na mbili na matoleo manne ya lugha ileile. Mwalimu alitumia nusu ya kipindi akizunguka kueleza kwa nini mstari mmoja unakubaliwa huku na kukataliwa kule. Ni kama darasa la riwaya ambapo mwalimu husema, "Fungueni ukurasa wa 47," na nusu ya wanafunzi wanaona sura nyingine. Asidhani mtu kwamba hili huwapata maskini pekee. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliweka programu mpya katika seva zake za biashara ya hisa. Kati ya seva 8, moja ilisahauliwa ikabaki na ya zamani. Kwa muda wa dakika 45 hivi, seva hiyo moja iliisababishia kampuni hasara ya zaidi ya dola milioni 400.

Nalo suala la kuandika ni la nidhamu kuliko la ufundi. Lugha zote kuu zina njia ya kuweka orodha ya vifurushi na nambari zake kamili katika faili moja, ambayo mwingine akiisoma ataletewa vilevile vilivyomo. Desemba 2021 ilipotangazwa dosari ya kutisha katika kifurushi cha Log4j, mashirika makubwa yalihangaika kwa siku nyingi, kwanza kwa kutafuta tu kama kifurushi hicho kimo katika mifumo yao. Marekebisho yalitoka moja baada ya jingine mwezi huohuo, 2.15, 2.16, kisha 2.17, kwa kuwa ya kwanza hayakutosha. Aliyekuwa na orodha alijibu kwa dakika chache. Asiyekuwa nayo alipekua nyumba nzima usiku akitafuta nyoka asiyejua kama yumo.

Hapa nategemea mwalimu wa shule ya mashambani atanipinga. Atasema: "Ndugu mwandishi, hayo unayoyasema ni ya wenye mashine mpya na bando lisiloisha." Pingamizi lake ni la haki, nami sitalikwepa. Shule nyingi zina mashine za zamani zenye Windows 7. Toleo la mwisho la Python linalokubali mfumo huo ni 3.8, nalo lilikoma kutunzwa mwezi Oktoba 2024. Hata Windows 10 yenyewe iliondolewa katika utunzaji wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake ni kwamba kuna watoto ambao hawana uhuru wa kuchagua. Mashine imekwisha kuwachagulia.

Kwa hao nina ushauri wa aina mbili. Kwanza, mashine nyingi zinazoonekana kuzeeka kwa Windows huweza kupewa maisha mapya kwa mfumo wa Linux mwepesi, usiolipiwa, ulio katika muda wake wa kutunzwa, na ambao huwa na Python ndani yake. Pili, si lazima kila mashine iende kwenye mtandao. Zana ya Python ya kuletea vifurushi huweza kuagizwa kuvipakua tu na kuviweka katika folda bila kuvisakinisha. Mwalimu akifanya hivyo mara moja, kwenye mashine ya mfumo na toleo sawa na za shule, anaweza kuibeba folda hiyo kwenye flashi na kuisakinishia shule nzima bila mtandao. Atatumia bando mara moja badala ya mara arubaini, na kila mashine itapata toleo lilelile. Uchumi na usahihi hapa vimekuwa ndugu wa toka nitoke.

Hata hivyo, sioni haki kumbebesha mwalimu mmoja mzigo huu wote. Mwalimu wa fasihi haachwi peke yake achague riwaya ya kutahiniwa. Taifa humchagulia, likamjulisha mapema, na likamhakikishia kwamba haitabadilishwa katikati ya safari. Kwa nini mwenzake wa tarakilishi aachwe jangwani? Ninapendekeza kwamba KICD, ikishauriana na Baraza la Mitihani ya Kitaifa (KNEC), ichapishe orodha ya zana teule za somo la tarakilishi: lugha, toleo lake kamili, vifurushi vitakavyohitajika na nambari zake, pamoja na mifumo ya mashine inayokubaliwa. Orodha hiyo itolewe mwaka mmoja kabla ya kuanza kutumika. Vifurushi vyenyewe viwekwe mahali pamoja ambapo shule zinaweza kuvichukua, au visambazwe kwa flashi kupitia ofisi za elimu za kaunti.

Najua hofu itakayozuka. Wapo watakaosema kwamba serikali ikishateua jambo hulisahau, na baada ya miaka kumi tutakuwa tukifundisha kwa zana zilizokufa. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana nasema kila toleo litakaloteuliwa liandikwe pamoja na tarehe yake ya kufa, kama dawa ya hospitali inavyoandikwa tarehe ya kuharibika. Toleo lisiteuliwe ikiwa utunzaji wake utakwisha kabla ya kundi la wanafunzi kufanya mtihani. Na pawe na tofauti kati ya mabadiliko makubwa na viraka vya usalama. Nambari mbili za mwanzo zisiguswe hadi wakati wa uteuzi mpya. Nambari ya mwisho ichunguzwe kila likizo, na dosari kubwa ikitangazwa, waraka utolewe bila kungoja likizo.

Wakati tukisubiri wakubwa waamue, kuna ambalo mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kulifanya juma hili. Wapite mashine baada ya mashine, waandike katika daftari moja kila zana na nambari ya toleo lake. Kisha wajadiliane: lipi bado linatunzwa, lipi limekufa, na ni lipi litakalokuwa la darasa zima. Hilo ni somo kamili. Lina hesabu, lina historia, lina uraia mwema ndani yake, kwa sababu mtoto atajifunza kwamba programu huandikwa na watu, ambao baadhi yao wamechoka, baadhi ni wakarimu na wachache ni wezi, na kwamba kuwategemea ni uamuzi anaopaswa kuufanya akiwa macho.

Watoto hawa ndio watakaotunza mifumo ya kulipia karo, ya kuhifadhi rekodi za hospitali na ya kutuma pesa kwa simu, ambayo Mkenya hupitisha humo riziki yake ya kila siku. Mifumo hiyo imejengwa kwa vifurushi vilevile, na ipo siku mmoja wao ataulizwa na mashine yake swali fupi kuhusu toleo. Ningependa siku hiyo asibonyeze tu ili swali limwondokee. Anyooshe mkono, achukue daftari, atazame tarehe, ndipo ajibu.